Hofu Iko Mlangoni, Hatari Iko Chini

(Hotuba kwa vijana na wazazi, Ukunda, Kaunti ya Kwale)

Wazee wangu, mama zangu, walimu, na vijana wenzangu: asalaam aleikum, na wote hamjambo. Mliotutangulia kwa umri, shikamooni.

Hicho kitambaa cha buluu na manjano mnachokiona kimetandazwa hapo mbele ni mwavuli wa kurukia kutoka ndegeni, yaani parachuti. Ukiukunja, unaingia kwenye begi la mgongoni. Ukiutandaza, kama mnavyoona, unameza nusu ya ukumbi. Nimewaomba watoto wasiukanyage na viatu nao wametii, nawashukuru. Tutaurudia baadaye.

Swali ninaloulizwa kuliko yote, dukani, msikitini, kwenye matatu, ni moja: "Wewe, huogopi?" Aulizaye huwa ameshajijibu. Anadhani sisi tunaoruka tumezaliwa bila hofu, au tumepewa dawa. Nimekubali mwaliko wa leo ili nilijibu swali hilo kwa kirefu, kwa sababu kila nikilijibu kwa kifupi napotosha. Ninaogopa. Ila hofu yangu imehama. Ilikuwa inakaa mahali fulani, sasa inakaa pengine, na kuhama huko kulinigharimu kifundo cha mguu.

Wengi wenu mmewaona warukaji tangu mkiwa wadogo. Ndege ndogo inaondoka hapa kiwanjani Ukunda, inazunguka juu ya bahari mpaka inakuwa kama nzi, halafu nukta zinaanza kudondoka, na baadaye miavuli inachanua na kuteremka ufukweni Diani. Tulikuwa tukikimbia mchangani kuwalaki. Tuliona wageni wanacheka huku wanalia, tukaulizana wamepatwa na nini. Kuruka mara moja tu, ukiwa umefungwa kifuani mwa mkufunzi, kunagharimu zaidi ya mshahara wa mwezi wa vijana wengi wa hapa. Hilo linaniuma mpaka leo: mchezo unachezwa juu ya vichwa vyetu, sisi tunaukodolea macho tu. Mimi niliingia kwa mlango wa kazi. Nilijifunza kukunja.

Kukunja mwavuli ni kazi ya magoti. Unazishika kamba kwa mafungu, unazifuata kwa vidole kutoka kwenye mikanda mpaka kwenye kitambaa, uhakikishe hakuna iliyopishana na mwenzake. Unapanga mikunjo. Unapandisha kile kipande cha mraba kiitwacho slaida mpaka juu kabisa, kwa sababu ndicho kinachouzuia mwavuli usifunguke kwa kishindo cha kumuumiza mtu. Halafu unaulalia kwa tumbo na magoti, unaitoa hewa pole pole kama mtu anayekamua tui, na jasho linakuingia machoni wala huna mkono wa kulifuta. Kamba zinafungwa kwa vibendi vya mpira, pindo baada ya pindo. Mwisho unapitisha pini kwenye kitanzi kidogo cha uzi. Pini hiyo na kitanzi hicho vinatosha kwenye kiganja cha mtoto mchanga. Nilikunja mamia ya miavuli kabla sijaruka hata mara moja, na kila ndege ilipopanda nilisimama nje nikitazama juu, nikisema kimoyomoyo: umefunguka. Na huo umefunguka. Na huo.

Siku yangu ilipofika, nilikuwa naujua kila uzi wa mwavuli ule. Niliukunja mwenyewe asubuhi ile. Haikunisaidia kitu.

Ndege inapanda kwa kiasi cha robo saa hivi, au zaidi. Unaanza na joto la Diani, jasho na mchanga shingoni, na kadiri unavyopanda baridi inaingia, kwa sababu kila futi 1,000 joto linashuka karibu nyuzi 2. Niliuona mwamba wote wa matumbawe kama uzi mweupe uliofumwa kandokando ya pwani. Nilikiona kisiwa cha Chale, na nyuma yetu kijani cha Shimba Hills. Tulipofika futi 10,000, yaani mita 3,000 hivi, mlango ukafunguliwa.

Sitaki kuwadanganya hapa. Nilishika ukingo wa mlango kwa mikono yote miwili. Ulimi ulikauka. Nilimsikia mkufunzi akinisemesha sikioni na sikuelewa neno hata moja, kama vile anazungumza lugha nyingine. Akaacha kusema. Akanibandua vidole, kimoja kimoja, kwa upole, kama unavyombandua mtoto aliyeng'ang'ania leso ya mamake. Kisha hapakuwa na mlango tena.

Watu wengi wanadhani kinachofuata ni kile kitu cha bembea, tumbo kupanda kooni. Hakipo. Ndege inakwenda mbele kwa kasi, na wewe unatoka ukiwa na kasi ileile, hivyo upepo unakupokea papo hapo na mwendo wa kwenda chini unaongezeka taratibu. Baada ya sekunde kumi na kitu umefika kama kilomita 200 kwa saa, na hapo upepo unaokuja kutoka chini unalingana na uzito wako. Huongezi kasi tena. Mkiruka wawili mliofungwa pamoja, mkufunzi anaachia kiparachuti kidogo nyuma yenu kiwapunguze mwendo, maana bila hicho uzito wa watu wawili ungewapeleka kwa kasi kubwa zaidi. Mwili unahisi kama umelala juu ya kitu. Kitu chenye kelele nyingi, lakini kinachobeba. Nusu dakika nzima sikuogopa. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa zaidi, na hofu haikuwepo. Nilikuwa nimeiacha mlangoni.

Kwenye mita 1,500 mwavuli ukafunguka, na kelele ikakatika. Kimya kile sijui nikifananishe na nini. Niliona ngalawa mbili ndani ya mwamba na vivuli vyake chini ya maji, vivuli vimejitenga na vyombo vyenyewe kwa sababu maji ni maangavu mno. Tulipokaribia chini, adhana ya alasiri ikaja kutoka upande wa barabarani. Nililia. Nilipotua nilizungumza bila kupumua kwa muda wa saa nzima, nikampigia simu mama, nikampigia na dada yangu, nikawaeleza mambo yaleyale mara mbili mbili.

Hali hiyo wataalamu wa saikolojia wameiandika kwa muda mrefu. Marekani, katika miaka ya 1960, Walter Fenz na Seymour Epstein waliwapima warukaji mapigo ya moyo na pumzi tangu wanapofika kiwanjani mpaka wanapofika mlangoni. Kwa wanaoanza, moyo ulizidi kupanda hatua kwa hatua, na kilele kikawa pale karibu na kuruka. Kwa wazoefu, moyo ulipanda pia. Hilo watu hulisahau. Ulipanda mapema, wakiwa bado safarini kwenda juu, kisha ukateremka, na wakati wa kuruka ulikuwa umetulia karibu kama kawaida. Mzoefu naye alikuwa ameogopa, ila alikuwa ameshamaliza.

Nilipoyasoma hayo nilifurahi. Nilikuwa nimesharuka peke yangu mara nyingi wakati huo, na nilijiona kabisa katika mchoro wa wale wazoefu. Mlangoni nilikuwa natabasamu. Nikaamini kwamba kazi imekwisha, kwamba hofu ni ngazi na mimi nimeshafika juu.

Sasa sikilizeni hesabu. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, huhesabu vifo kila mwaka. Mwaka 2023 walikufa watu 10 katika miruko inayokadiriwa kuwa milioni 3.65. Katika miaka ya 1970 walikuwa wakifa zaidi ya 40 kwa mwaka, na miruko ilikuwa michache. Kwa wale wanaofungwa na mkufunzi, ni kifo kimoja hivi kwa kila miruko 500,000. Hizo ni za kwao, wanaoruka sana na kuandika kila kitu. Lakini kilichonishangaza si idadi. Ni mahali. Mimi nilidhani wanaokufa ni wale ambao mwavuli wao haukufunguka, kwa sababu ndicho kitu ambacho kila mtu mlangoni anakiwaza. Kumbe sehemu kubwa ya vifo na majeraha hutokea mwavuli ukiwa wazi, mzima, hauna hata tundu, mita chache kutoka ardhini. Mtu amekata kona akiwa chini mno.

Nilikuwa nimeyasoma hayo pia. Kusoma hakutoshi.

Ilikuwa wakati wa kusi, bamvua limesimama, maji yanajaa. Nyinyi ni watu wa pwani, mnajua bamvua linavyoufanya ufuo wa Diani: asubuhi ni uwanja wa mpira, alasiri ni ukanda wa kutandika mkeka. Nilikuwa nimeruka zaidi ya mara mia mbili. Mruko ulikwenda vizuri, mwavuli ulifunguka vizuri, nikawa nateremka nikiimba. Naam, nikiimba. Nilipokuwa kama mita 30 juu ya mchanga, watoto wawili wakatoka chini ya minazi wakakimbia kuja kunilaki, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Nikavuta breki ya kushoto, yaani kamba ya kuongozea ya upande huo, kwa nguvu niwakwepe.

Niwaeleze kinachotokea hapo. Mwavuli huu si ule wa duara wa askari wa zamani, unaoshuka kama jani. Ni bawa. Mbele una midomo, mtaiona. Hewa inaingia humo na kuujaza, nao unapaa kwenda mbele. Aliyeubuni, Domina Jalbert, alikuwa mtengeneza vishada, na wazo lake la miaka ya 1960 ni kishada kisicho na vijiti. Ukivuta upande mmoja, bawa linalala upande huo na kupiga mbizi, na wewe uliye chini yake unatupwa nje kama jiwe kwenye kombeo. Ukiwa mita 500 juu, hiyo ni raha isiyo na mfano. Linapiga mbizi, linajinyoosha, mnaendelea. Ukiwa mita 30, halina nafasi ya kujinyoosha. Nilipiga mchanga kwa ubavu na kifundo cha mguu wa kulia kikapasuka mahali patatu. Watoto hawakuguswa, namshukuru Mungu kila siku kwa hilo.

Na katika sekunde zile sikuogopa hata kidogo. Hilo ndilo lililonileta hapa leo. Moyo wangu ulikuwa shwari kuliko ulivyo sasa ninapozungumza mbele yenu. Mwavuli ulikuwa mzima, umekunjwa vizuri, na aliyeukunja ni mimi. Hofu yangu yote nilikuwa nimeitumia juu kule, miaka miwili nyuma, kwa kitu ambacho kina kinga nyingi. Mahali pasipo na kinga isipokuwa akili yangu, sikuwa nimebakisha hata chembe.

Maana mlangoni kule mna kinga kweli. Yule Mfaransa André-Jacques Garnerin, aliporuka kutoka kwenye puto jijini Paris tarehe 22 Oktoba 1797, alikuwa na turubai tu na kikapu, na turubai halikuwa na tundu la juu la kupitisha hewa, akayumbayumba mpaka chini kama kengele. Sisi tunabeba miavuli miwili. Wa pili, wa akiba, haukunjwi na mtu kama mimi. Hukunjwa na fundi mwenye cheti na kukaguliwa kwa tarehe. Wa kwanza ukigoma, kuna pete tatu begani, kila moja inaibana mwenzake, kiasi kwamba mzigo wote wa mwili unashikiliwa na kiuzi kimoja. Ukivuta mpini, pete zinaachiana na mwavuli mbovu unaondoka. Bill Booth alizibuni katika miaka ya 1970. Na ukizirai, kuna kidude kinachopima mgandamizo wa hewa na mwendo. Aina inayojulikana zaidi, Cypres, ilitoka mwaka 1991, kazi ya Mjerumani Helmut Cloth. Kikiona uko mita 225 na bado unaanguka kwa kasi, kinaukata uzi wa akiba chenyewe.

Huyo huyo Booth, aliyefanya mengi kuufanya mchezo huu uwe salama, amesema kwa miaka mingi kwamba kadiri vifaa vinavyokuwa salama ndivyo warukaji wanavyojitafutia hatari mpya, na idadi ya vifo inabaki palepale. Wakati vidude vile vilipoenea, watu wakaanza kununua miavuli midogo, yenye kasi, ya kukata kona karibu na ardhi. Mimi sikubaliani naye kwamba idadi inabaki palepale, kwa maana hesabu zimeshuka. Lakini kuhusu moyo wa binadamu amesema kweli.

Mjomba wangu alikuwa mgema. Mnamjua wengi wenu. Alipanda minazi mara mbili kwa siku kwa zaidi ya miaka thelathini, bila kamba. Nilipovunjika alikuja kunitazama, akaketi kwenye kigoda, akauangalia ule mguu wenye plasta bila kunipa pole. Akaniuliza, "Ulikuwa unapanda au unashuka?" Nikasema nashuka. Akatikisa kichwa. Akasema wagema aliowazika yeye, wote walianguka wakishuka, kibuyu kimejaa, akili imeshatangulia nyumbani.

Kuna mzee mmoja, yuko hapa ukumbini, alinisimamisha nje ya msikiti akaniuliza kama huku si kujitupa katika maangamizi kwa mkono wangu mwenyewe. Swali hilo ni zito na sikulichukulia kwa wepesi. Nililala nalo. Baba, jibu langu ni hili: kama ningeruka bila kutazama upepo, bila kujua saa ya maji kujaa, bila mwavuli wa akiba, ndiyo, ningekuwa nimejitupa. Na siku ile niliyovunjika nilikuwa karibu sana na kujitupa, ingawa kwa macho ya watu nilikuwa naruka vizuri. Lakini pia, wazee wangu, niwaulize. Hapo nje barabara ya Ukunda kwenda Diani, vijana wetu wanabebana wanne juu ya pikipiki moja, usiku, hakuna kofia, taa imekufa. Hakuna anayewasimamisha nje ya msikiti. Hakuna anayewauliza kama hawaogopi. Tumezoea, na mazoea yameiondoa hofu pale ambapo ilihitajika kazini.

Felix Baumgartner wa Austria aliruka tarehe 14 Oktoba 2012 kutoka kilomita 39 juu ya New Mexico na kupita kasi ya sauti. Wengi mliiona kwenye simu. Kilichokaribia kumshinda katika maandalizi hakikuwa urefu ule. Kilikuwa suti: kufungiwa ndani ya ile suti ya hewa kwa saa nyingi, pumzi yake ikimrudia usoni. Ilibidi afanye kazi na mwanasaikolojia mpaka akaizoea. Naye amefariki Julai 2025 nchini Italia, akiruka kwa parachuti ya injini, safari ya kawaida kwa mtu kama yeye. Nililia niliposikia, nami sikuwahi kumwona.

Mtaniuliza basi, kama nimeyajua yote haya, raha iko wapi, na kwa nini nilirudi plasta ilipotoka.

Raha ya mara ya kwanza, ile ya kulia na kupiga simu, kwa sehemu kubwa ni hofu inayoondoka. Mwili umejiandaa kufa, haukufa, unasherehekea. Ni tamu, na haidumu. Mara ya hamsini huipati tena, na anayeikimbiza ndiye anayeanza kukata kona za chini. Ile iliyonirudisha ni nyingine. Sasa ninapofika mita 300, pale ambapo zamani nilikuwa naimba, moyo unaanza kudunda. Nauacha udunde. Natazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonesha upepo unakoelekea. Nakwenda na upepo kwanza, kisha naukata, kisha naukabili, kama nahodha anayeingiza ngalawa mlangoni mwa mwamba. Natafuta watu mchangani. Nasubiri, nasubiri, halafu navuta breki zote mbili pamoja na miguu inagusa. Katika dakika ile moja sikumbuki deni, sikumbuki simu, sikumbuki hata jina langu. Niko pale tu. Sijapata kazi nyingine wala mchezo mwingine unaonipa kuwa pale kwa namna hiyo.

Mwaka jana nilimpeleka ndegeni mama mmoja, mwalimu mstaafu kutoka bara. Mimi nilikuwa mpiga picha, yeye amefungwa na mkufunzi. Mlango ulipofunguliwa alitazama chini kwa muda, akageuka akasema, "Wanangu, mimi narudi na ndege." Mlango ukafungwa, tukarudi naye. Chini kulikuwa na vijana waliotaka kucheka. Sikuwaruhusu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi nimeshavisikia vyote viwili. Mama yule alikuwa ameilipia safari ile kwa kiinua mgongo chake, macho ya watu sita yakimtazama, na akasema hapana kwa sauti ya kawaida. Mimi mita 30 juu ya mchanga sikuwa na "hapana" ya aina hiyo. Alikunywa dafu, akakaa kivulini mpaka jioni akiwatazama wengine wakitua, na alipoondoka aliniomba nimwoneshe jinsi ya kukunja. Alikunja mmoja mzima. Magoti yalimuuma.

Nimesema mengi. Mwavuli huo hapo. Vueni viatu, njooni mstari mmoja, wazee kwanza. Ingizeni mikono kwenye midomo ya mbele muone jinsi hewa inavyoingia, na zifuateni kamba kwa vidole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kuna mbili nimezipishanisha kwa makusudi. Atakayezipata, abaki, tuukunje pamoja.